Heshima Imenikalisha Kitini

Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka mwisho ndipo ucheke, maana ofisini kwangu hakuna anayethubutu kunicheka, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mimi ni mpima ardhi, ujana wangu wote niliumalizia porini na vyombo vya kupimia begani, nikipanda vilima na kushuka mabonde, kisha nikapandishwa cheo nikawa mkuu wa kitengo cha ramani, na tangu siku hiyo, mshauri, sijaruhusiwa kusimama. Dereva ananishusha mlangoni kabisa, karani ananipokea mkoba, nikitaka ramani iliyo kabatini ng'ambo ya korido mtu keshaileta, nikikohoa maji yamefika, wachoraji wanakuja na michoro yao niisaini nikiwa nimekaa, na chai ananiletea mhudumu wetu, mama mmoja tunayemwita Mama Birika, anayeiweka mezani taratibu na kusema, "Kaa tu bosi wangu, kazi yako wewe ni kufikiri." Nami nimekaa, nimefikiri, na sasa mkanda umefika tundu la mwisho.

Ningevumilia, lakini kitindamimba wetu, binti wa miaka saba, amepata baiskeli, na Jumapili moja nilikuwa namshikia kwa nyuma nikikimbia naye mtaani, hata nyumba ya tatu hatujaifikia nikawa nahema, na yule mtoto akasimama, akanitazama kwa huruma, akasema, "Baba, pumzika. Nitamwomba mjomba anishike." Huyo mjomba wake ni shemeji yangu, kijana wa mikogo, anakuja kwetu na kaptula hata siku ya mvua. Mshauri, neno lile liliniuma sana. Nataka nimfundishe mimi, baba yake.

Basi nikaamua kujinyoosha kazini, kwa kuwa siku za kazi narudi nyumbani watoto wameshalala. Asubuhi ya kwanza nikaenda mwenyewe kabatini kuchukua ramani, karani akaruka kama aliyefumaniwa, na kufikia saa ya chakula habari zimeenea kwamba nawapeleleza. Kesho yake nikaongea na simu huku nazunguka ofisini, katibu wangu akaniona kupitia kioo akadhani nimepata habari mbaya, akampigia mke wangu, naye akaacha duka akaja mbio, tena mbio za kweli, kwa hiyo mazoezi ya siku hiyo akafanya yeye. La mwisho ndilo lililonivunja moyo. Nilikwenda jikoni kujimiminia chai, Mama Birika akanikuta na birika mkononi, machozi yakamtoka, akasema, "Bosi, kama nimekosa niambie, usiniondoe kimya kimya hivi. Nina watoto wanasoma." Nikaliweka birika chini, nikarudi kitini, na hapo hapo ndipo ninapokuandikia. Nifanyeje nipate kutembea bila kuitia ofisi kiwewe?

Ni mimi, Bosi Asiyesimama.

*

Bosi Asiyesimama,

Nimecheka, tena kwa sauti, mpaka wenzangu wakaja kuuliza kuna nini. Pole kwa neno la mtoto. Watoto husema kweli bila kuipaka sukari, na najua limekuingia.

Lakini usiwasingizie watu wako. Heshima haikukufunga kamba. Ulipopokewa mkoba siku ya kwanza ulinogewa, usinidanganye. Halafu asubuhi moja unainuka bila neno, unapita katikati ya meza za watu umekunja uso, ulitaka wafikiri nini? Mkubwa akibadilika ghafla, walio chini yake huanza kukumbuka makosa yao. Umemliza mama wa watu kwa sababu uliona heri aogope kuliko ajue kwamba umeishiwa pumzi nyumba ya tatu.

Kwa hiyo anza naye, leo, kabla hujalikunja gazeti hili. Mwambie kazi yake ni yake na chai ataendelea kuipika yeye, ila wewe utaifuata jikoni kwa miguu yako, na ukichelewa ana ruhusa ya kukufokea. Utashangaa atakavyokusimamia. Kisha waite karani na wachoraji, uwaambie ukweli wote, baiskeli na shemeji humo humo. Watacheka, na waache wacheke. Huenda nao migongo inawauma, ila wanaona haya kujinyoosha mbele yako.

Michoro isiletwe tena mezani kwako. Ifuate ilipo, meza kwa meza, usaini umesimama. Simu ongea ukitembea, lakini katibu ajue mapema, na mkeo pia, maskini. Mtu akija na maneno marefu, toka naye mzunguke jengo mkizungumza. Dereva akushushe kwenye kona, na akinung'unika mwambie ashuke mtembee wote. Lifti waachie wenye mizigo. Na usije ukanunua mashine ya mazoezi, mtaanikia nguo.

Sasa la baiskeli, na hapa sina mzaha. Nakujua, umepanga kwanza utafute pumzi ofisini, ikishapatikana ndipo umwendee mtoto. Hapana. Jumapili hii mshike, ukimbie mpaka uchoke, mkae kitako barabarani, muanze tena. Shemeji akitokea na kaptula yake, mpe kazi ya kuangalia magari. Mtoto wa miaka saba hushikwa kwa majuma machache tu. Akishajua ataondoka na wenzake, na hata ukiwa na pumzi za farasi hatakuwa na haja ya mtu nyuma yake. Nenda ukaheme sasa, wakati bado anageuka kuangalia kama upo.