Mizinga Mitupu Juu ya Kisima

Zahanati ya Kijiji cha Ujamaa,
Uyui, Tabora.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Baba naye shikamoo yake. Kifua chake je, kimepoa? Najua huko Rungwe mnaanika nguo juu ya meko kwa ajili ya mvua. Mimi mwanao ni mzima, midomo tu ndiyo imepasuka.

Huku mvua imetukimbia, mwaka wa pili sasa. Jua la mchana likiwaka, njia ya zamani ya misafara nyuma ya zahanati hutetemeka, nami nikisinzia mlangoni huwaona wapagazi wakipita na mizigo yao, kimya kimya, wakienda kunywa kwenye kisima chetu. Nikishtuka, kumbe ni akina mama na ndoo zao. Kisima hicho ndicho kinachoosha vidonda na kupokea vichanga, Mama, na kilikuwa kimeanza kutoa maji kama machozi. Nilikuwa naogopa sana.

Kosa si la mbingu peke yake. Kuni za kukaushia tumbaku zilikwisha hapa karibu, mashoka yakageukia miti inayokifunika kisima. Nilisimama mkutanoni nikasema miti ikiisha, maji nayo yatafuata. Mwenyekiti wa kijiji akanijibu kwa upole, "Ndugu Nesi, bila kuni hakuna tumbaku. Bila tumbaku tutavaa nini?" Nikakaa.

Jumapili mchungaji aliomba mvua mpaka sauti ikamkauka. Tulipotoka, Mama Nyanzala, kiongozi wetu wa akina mama wa kanisa, asiyemumunya maneno, akasema, "Tunamwomba Mungu maji na shoka liko begani. Atatuelewaje?" Akawaamuru wanaume wachonge mizinga ya nyuki. Huku Unyamwezini mti wenye mzinga wa mtu haukatwi. Ukiukata, wajukuu watarithi ugomvi. Walichonga wiki nzima, wakaitundika kwenye kila mti wa kisimani. Mimi mtu wa migombani nikauliza nyuki wako wapi. Walicheka hadi wakakaa chini.

Mama Nyanzala akanijibu, "Watakuja wakipenda, mwanangu. Sisi tunawaandalia nyumba."

Wakata kuni walipofika walitazama juu, wakajikuna vichwa, wakarudi. Mwenyekiti alinuna kutwa, kesho yake akaja na mzinga wake mwenyewe begani. Sasa kuni zinatoka mbali kwa mkokoteni wa ng'ombe, na kijiji kimekubali kupanda miti kando ya mabani ya kukaushia tumbaku.

Mvua bado, Mama. Ila jana asubuhi binti mmoja alijifungua, nikateremka kisimani, na ndoo ikajaa. Nililia pale pale kama mjinga.

Nisalimie dada Atu na wanawe, mjomba seremala, na bibi aliyenifundisha kuimba tenzi. Nawe Mama, najua kila siku unaniombea uhamisho nirudi nyumbani. Lakini mzinga mmoja wameutundika kwa jina langu, na mwenye mzinga hahami kabla ya kurina asali. Sala hiyo ipumzishe kidogo. Niombee nyuki.

Mwanao akupendaye,
Tumpe