Nilivyoinuka Kuwasha Tanuri Mezani pa Upasuaji

Nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha mikate
Jumapili mchana

Mpendwa Dada yangu mkubwa,

Mimi mdogo wako nina miaka sabini na minane. Nimewazika mabosi wanne, matanuri mawili ya matofali, na daktari aliyesema sitafika sitini. Meno yameniaga, lakini mkono wa kukanda unga ni ule ule, waulize wanaonijua.

Shikamoo Dada. Miguu bado inavimba? Na macho je, giza limezidi au limetulia? Sisi hapa wazima, ila mimi na hii ngiri yangu. Najua mpwa wangu ndiye anayekusomea. Asome polepole, asiruke mstari hata pale ninapojisifu.

Dada, siji. Uliniita tuonane ungali unauona uso wangu, nami nikajibu nakuja, ngiri ishonwe tu, maana daktari alikataa katakata nisafiri nayo. Haijashonwa, na kosa ni langu.

Hospitali ya hapa kwetu, wazee wenye moyo mchovu hawalazwi usingizi mzito. Unachomwa ganzi pale pa kupasuliwa, unatiwa dawa kidogo ya kusinzia, halafu muuguzi wa usingizi anakaa kichwani pako anakusimulia mahali unapopapenda, akili iende huko, mwili ubaki umetulia mezani. Siku moja kabla alikuja kitandani, binti mpole, akataka tufanye mazoezi. "Babu, chagua mahali, unieleze pakoje. Pananukaje, panasikikaje."

Nikamwambia, "Binti, mimi nimelala juu ya magunia ya unga mashine zikinguruma. Sifundishwi kusinzia. Wewe sema kiwandani, mbele ya tanuri, basi. Njia naijua."

Wifi yako akanikanya, "Mjibu mtoto wa watu anachokuuliza." Nikamwambia anyamaze.

Na kweli, kesho yake mezani nilifika, Dada! Nikaliona koleo la mbao la kutolea mikate, nikainusa hamira. Lakini yule binti hajawahi kuingia kiwanda cha mikate, angejuaje? Akasema taratibu, "Upepo wa baridi unakupapasa usoni, babu. Kila kitu kimya, kimetulia." Baridi! Mbele ya tanuri! Kwa mwokaji hilo ni jambo moja tu: moto umezimika na unga umeshaumuka. Nikainuka. Wanasema niling'oa mpira wa dripu nikafoka, "Nani kalala zamu?" na sahani ya vyuma ikamwagika chini. Bahati kisu kilikuwa hakijagusa ngozi. Moyo ulikwenda mbio hata daktari akavua glavu. Nimerudishwa mwisho wa foleni, mpaka mvua zijazo.

Dereva wa lori wa kitanda cha jirani hakuniacha mpaka natoka wodini: "Mzee, mikate yangu imeiva?" Wifi yako ndiye kanimaliza. Eti miaka yote hajaniona nikiinuka upesi vile kumpokea ndoo.

Binti hakunifokea, na hilo ndilo linalonichoma. Aliniomba msamaha, yeye! Akasema tuchague upya, mahali ambapo sina kazi ya kufanya wala mtu wa kumwamrisha. Nimetafuta, Dada. Kila nikienda kichwani najikuta nabeba, nachochea kuni, nagomba. Nimepata mahali pamoja tu: mgongoni kwako, umenifunga kwa nguo ya mama, unafua. Joto lako nalikumbuka. Kutikisika nakukumbuka. Ulichokuwa ukiniimbia sikikumbuki hata neno, na safari hii binti anataka nimweleze kila kitu, nami sitambishia.

Basi niimbie. Mwimbie mpwa wangu, aandike, anitumie. Usingoje nije, maana macho yako na foleni yangu, sijui kipi kitatangulia.

Nisalimie mpwa wangu na wanawe, na shemeji mnyamavu. Mungu akuachie mwanga, japo wa kuuona mlango nikibisha hodi.

Ni mimi nikupendaye pamoja na ukaidi wangu,
Mdogo wako, Mwokaji

Haya ya hospitali si ya kutunga, mashahidi wapo: muuguzi wa usingizi, dereva wa lori, na wifi yako, anayesema nimejipunguzia makosa. Ya mgongoni shahidi umebaki wewe peke yako.