Hirizi ya Sanga

Dada Kadzo,

Shikamoo. Simu yako haipatikani, ndio nampa Nyale wa bodaboda barua hii. Muhogo ulionipa nimeshaumaliza, asante.

Dada, ile hirizi niliyomfunga mwanao Sanga kiunoni haikutoka kwa mganga. Nilikudanganya. Ndani nimeshonea kisahani cha plastiki nilichokichukua kazini, pale maabara ninapofagia.

Mwalimu Widad hukiweka mbele ya mashine. Anasema ndani mna viini vidogo sana, vikisisimka hutoa mwale mmoja, kisha wa pili. Wa kwanza unawasha saa, wa pili unaizima, na hapo amepima uhai wa kiini. Mimi nikasikia uhai tu. Nikamfikiria Sanga na homa zake, na wale ndugu zake wawili tuliowazika. Nikaona kitu chenye uhai kikikaa naye kitamzuia asiende.

Leo Mwalimu anakitafuta. Nikamuuliza huo uhai ni wa miaka mingapi. Akacheka, "Miaka, Kitsao? Hata ukipepesa jicho umechelewa." Kisha uso ukambadilika. "Kile kina mionzi inayodhuru mwili. Hakikai kwenye ngozi ya mtu mzima, seuze mtoto."

Nikaacha ufagio, nikakimbilia kukuandikia.

Mfungue Sanga hirizi hiyo sasa hivi. Usiichane wala usiichome. Iweke mbali na nyumba, mtu asiiguse. Mimi naenda kumwambia Mwalimu, najua atataka kuja huko Ganda. Akikuuliza Sanga ameivaa siku ngapi, mwambie kumi na moja. Mimi naogopa kuzitaja siku hizo mbele yako.

Nduguyo,
Kitsao