Masizi ya Sufuria Yangu

Wifi yangu uliyehamia Dar,

Barua yako imefika. Unaitaka picha aliyoichora mwanangu Kabula uitundike sebuleni kwako, eti ni mali ya ukoo. Nimeisoma mara mbili. Mimi niliishia darasa la nne, nikadhani nimekosea kusoma.

Unakumbuka ile likizo uliyokuja kwetu Igogo? Ndiyo kwanza vitu vya Dubai vimejaa madukani, nawe ukashuka na chupa ya chai yenye maua, ukaiweka mezani kama umetuletea umeme. Mwanangu alikuwa amekaa chini na kipande cha ubao na mabaki ya rangi aliyoomba kwa fundi wa mabango kule Igoma. Anachora sufuria yangu ya maharage, kibatari cha kopo na nusu kitunguu. Ulimsimamia ukaguna. "Chora chupa hii. Hilo lisufuria litawaambia watu kaka yangu alioa mchafu."

Nami mjinga nikakusikiliza. Kabula alipotoka kuchota maji, niliisugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka ikawa kama kioo. Akarudi, akaitazama, akalia. "Mama, masizi nilikuwa sijayamaliza." Wewe ukacheka mpaka ukashika mbavu. Kicheko hicho ninacho mpaka leo.

Akayamalizia kwa kukumbuka. Moto wangu wa miaka yote, kila doa, alikuwa nao kichwani, na umri wake miaka kumi na tano tu. Nani mwingine Mwanza hii kazaa mtoto wa hivyo? Mimi sijamwona. Juzi picha ilipowekwa kwenye maonyesho, mzee mmoja aliyagusa yale masizi, kisha akakitazama kidole chake. Nikawatangazia wote waliokuwepo: sufuria ni yangu na mchoraji ni wangu. Chupa yako ilipasuka mwaka uleule, na hakuna aliyeiulizia.

Picha hupati. Kabula ana huruma za baba yake, alitaka kukupa, nimekataa. Ila usije ukasema nimekunyima kila kitu. Aliyekuletea barua hii amebeba sufuria yenyewe. Tangu mwanangu alie sikuweza kuipikia tena, kwa hiyo inang'aa vilevile ulivyopenda. Itundike sebuleni.

Ukitaka masizi, washa moto upike.

Ni mimi wifi yako mchafu,
Mama Kabula