Ziwa Limefika Jikoni kwa Mama

Jumapili, 5 Mei
Nimetoka kanisa, nimepika, nimepiga simu nyumbani. Salamu kwanza. Mama mkwe hajambo. Shemeji Wanjala hajambo, bibi yake hajambo, watoto wao wanasoma, yule mdogo ametoka homa. Hata ng'ombe amezaa. Kumaliza wote ndio Mama anasema ziwa limebeba jikoni yake. Anasema tu hivyo, kama mtu amepoteza kikombe.

Pale tulipanda muhogo sasa mashua zinapita. Mume wangu, Baba Faith, anasema ni mvua. Si mvua. Ni Wanjala, kaka yake, na lori za mchanga. Wamechimba ufuo mpaka ukingo hauna kitu cha kuushika.

Jumatano, 8 Mei
Nimempigia Wanjala.

"Shem, mchanga ni wa ziwa. Hauna mwenyewe."

"Na nyumba ya mamako ni ya nani?"

Akacheka. Shamba la juu kando ya barabara, pale tulikubaliana Mama ajengewe, amekodishia wenye lori wamwage mchanga wao. Nimeunguza chapati za wateja, Laini Saba yote, hapa Kibera, ikanusa. Namchukia huyu mtu.

Ijumaa, 10 Mei
Ukuta wa chumba cha Mama umepasuka. Nikamwambia apande basi aje Kibera. Akauliza atalala wapi. Chumba chetu ni kimoja, na pazia. Kwetu mama halali chini ya paa moja na mwanawe na bibi yake. Najua hiyo. Na bado nikamfokea: "Mama, ukizama utakuwa umefuata mila?"

Akakata simu.

Sijala. Nimemkosea, na hasira haijaisha.

Mama Akinyi, mjane wa mlango wa pili, alisikia yote. Mabati ni mabati. "Alale kwangu. Mimi sijaolewa na mtoto wake." Nikacheka nikilia.

Jumamosi, 11 Mei
Nimetembea mpaka Kawangware, kwa mjengo. Baba Faith alikuwa huko juu anapanga mawe. Ati tungoje Desemba ndio amjengee Mama. Mbele ya mafundi wote nikamwambia: "Unajengea landlodi gorofa ya nne na mamako anangoja ukuta umwangukie."

Mmoja akasema, "Wueh, fundi, shuka tu."

Akashuka. Hajaniongelesha njia yote. Anune. Ni mama yake. Amepanda basi ya jioni.

Jumanne, 14 Mei
Mama amefika asubuhi, na kuku mmoja na picha ya marehemu mzee. Baba Faith alimpandisha basi, yeye akabaki kupigania shamba la juu. Wazee wa ukoo wanakaa leo kuamua. Nilimwomba Mama msamaha. Akaniambia nimekonda.

Vitu vyake viko kwa Mama Akinyi. Jioni ameketi nje ya mlango wetu, anachambua mboga. Akauliza huo mlio ni wa nini. Mto, nikasema, uko tu nyuma ya hizo nyumba. Akainuka, akahamisha kiti upande wa juu, mbali na mto, akaendelea na mboga.

Nimemwandikia Baba Faith. Mama amefika salama. Jenga juu kabisa. Nijibu haraka.