Uliniita Mfano wa Zoezi

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Nasikia huko Ubelgiji unajitapa kwamba ulifundisha JavaScript Bujumbura risasi zikilia. Ulifundisha, sikatai. Nilikuwa mwanafunzi wako kwenye kile chumba cha mjini, umeme ukikatika wewe unaendelea kuhubiri mbele ya vioo vya kompyuta vilivyozimika.

Na mazoezi yenyewe sasa. Tulianza na maneno: kila mtu aandike jina lake, mashine iligeuze nyuma mbele. Ukajipigia makofi kama umegundua moto. Ikaja tablo, vitu vilivyopangwa kwa namba kuanzia sifuri. Nikaandika ndizi, avoka, marakuja. Ukaja kufuta. "Apana, weka matunda ya mu kitabu." Kiwi, ati. Nani mtaani kwetu Kinama aliwahi kuonja kiwi? Lakini nilikupenda, basi nikaandika kiwi.

Siku ya obje, yaani mtu mmoja na sifa zake zote ndani ya mabano, ulikaa kwenye mashine yangu ukaniandika mimi. Jina langu. Umri wangu. Mtaa: Kinama. Chini kabisa ukaongeza: mchumba wangu. Nilifurahi, bwana, nikaona sasa kweli utanipeleka kwenu kama ulivyoahidi.

Mama yako akaingia kukuletea chakula, akasoma kioo. "Nani huyu wa Kinama?"

Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Nilingoja useme tu, ni huyu hapa.

"Ni exemple tu, mama," ukasema. "Mutu wa kutunga. Haiko."

Mama yako si mjinga. Akanigeukia. "Na we, mwanangu, unaitwa nani?" Nikataja jina, lile lile la kwenye kioo. "Unakaa Kinama?" Nikasema ndiyo. Akanishika mkono, akakutazama wewe. "Unaogopa nini? Mama yako mudogo anakaa Kinama, na kila Mwaka Mupya unakula kwake."

Mimi uliniambia kwenu wote ni watu wa Rohero, mtaa wa wakubwa. Ukajifanya unatafuta kosa kwenye mistari minne. Nikachukua mkoba wangu nikaondoka, na hukunifuata hata mpaka mlangoni.

Sasa umetuma salamu, unauliza kama bado nina hasira. Hasira iliisha zamani, nina dharau tu, na dharau haininyimi usingizi. Mwanaume aliyeshindwa kusema neno moja mbele ya mama yake asije akatusimulia ushujaa wa vita. Wasimulie hao wasiokujua.

Jumamosi iliyopita nimeolewa, hapa hapa Kinama. Unajua mama yangu mzazi alishafariki, na nilikuwa nalia asubuhi nzima kwa ajili ya kile kiti chake kitakachobaki kitupu. Hakikubaki kitupu. Mama yako alivaa imvutano, lile vazi lake zuri la sherehe, akaja na mama yako mdogo, akakikalia, akanitoa kwa mume wangu mbele ya watu wote kama binti yake.

Kaa salama huko uliko.

Dada yako