Wimbo Uliofichwa na Picha

Kakuma, Jumanne, 2013

Na mimi pia nilikaribia kumwambia Achol kwamba nyimbo zimefutika. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa.

Achol, yule mama wa Sudan Kusini anayeuza chai hapa kambi ya wakimbizi, alikuja na CD kwenye duka langu la kutengeneza kompyuta. Kaka yake alirekodi humo marehemu mama yao akiimba kanisani, halafu baadaye akaongeza picha. Fundi mmoja alimwambia picha zimefuta nyimbo. Tangu siku hiyo hajaongea na kaka yake.

Niliiweka kwenye kompyuta. Picha tu.

"Umeona, dada?" akasema. "Kaka yangu amepoteza mama mara ya pili."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe pole, nikakumbuka kwamba CD ikiandikwa mara mbili, kompyuta inaweza kuonyesha faili za mwisho tu. Nikafungua programu inayoonyesha kila awamu ya kuandika. Zilikuwa mbili: ya kwanza sauti, ya pili picha. Hakuna kilichofutwa.

Nikaihamishia kwenye redio ya CD ya dukani, ambayo huanza na awamu ya kwanza. Sauti ya mama mzee ikatoka, kwa Kidinka, na makofi nyuma yake.

Achol akashika meza. Akaomba simu yangu, akampigia kaka yake aliye Juba. Aliongea kidogo, kisha akanigeukia.

"Nimemwambia ni mimi nimekosa."

Akaisogeza simu kwenye spika. Baada ya muda nikasikia mwanaume upande wa pili akiimba pamoja na mama yake.